Jina la Mtindo katika Muziki wa Dansi: Kutoka Tabora hadi Msondo

Tabora, mji ambao Ipuli ni mojawapo ya kata zake, ulikuwa kituo kikuu cha misafara katika karne ya 19. Karne iliyofuata ulisifika kwa bendi tatu za dansi: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Nyanyembe limetokana na Unyanyembe kwa kudondosha kiambishi cha nchi, u-. Kiko Kids lajitangazia ujana. Tabora Jazz, bendi ya Shem Karenga na wimbo “Dada Asha”, ilikuwa na jina la pili, Segere Matata, ambalo ni la mtindo wake.

Jina la bendi hutolewa na mwenye bendi. Lile la mtindo hushikwa na mashabiki. Ushahidi ulio wazi zaidi uko Dar es Salaam. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa Juwata, kisha OTTU, kila mara ikifuata jina jipya la jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki. Mashabiki waliendelea kuiita Msondo, na hatimaye bendi yenyewe ikajiita Msondo Ngoma. Sarufi nayo imewafuata: ngoma ikilia husemwa “msondo unalia”, lakini bendi ikiwa jukwaani husemwa “Msondo inapiga”, upatanisho ukitawaliwa na neno “bendi” lisilotamkwa.