Alifinyanga udongo jela, wataalamu wakasema ni kazi ya kale

Vichwa vya udongo vya Veracruz, Mexico, vinacheka. Mashavu yamejaa, mdomo uko wazi, meno nje. Wafinyanzi wa huko walivitengeneza kati ya mwaka 600 na 900 hivi, wakikandamiza udongo kwenye kalibu ili kupata uso. Vingi vilikuwa na mwili, lakini shingo hukatika, kwa hivyo kichwa hubaki pekee.

Katika karne ya 20, matajiri wa Marekani na Ulaya walitaka sana sanamu za Veracruz. Wezi wakachimba usiku. Na fundi mmoja, Brígido Lara, akaamua kufinyanga zake.

Lara alijifunza ufinyanzi mwenyewe. Mwaka 1974 alikamatwa na sanamu, akashtakiwa kupora mali ya kale. Jamaa akajitetea: si za kale, nimezitengeneza mimi! Nani angemwamini? Wataalamu walikuwa wameshasema ni za karne nyingi zilizopita.

Basi akaomba aletewe udongo mle jela. Akafinyanga zingine. Wataalamu walipoonyeshwa, wakasema hizo pia ni za kale. Mwaka 1975 akaachiliwa, na baadaye jumba la makumbusho la Xalapa likampa kazi ya kurekebisha sanamu na kutambua feki. Mwenyewe alidai kazi zake ziliingia hadi majumba makubwa ya Marekani.

Ni rahisi kumshangilia: fundi bila cheti amewabwaga wenye vyeti. Lakini kuna hasara hapo. Mwanaakiolojia akichimba sanamu, huandika ilikuwa kina gani, kaburini au hekaluni, na ililala karibu na nini. Mwizi haandiki chochote. Sanamu ikishafika sokoni hivyo, mtaalamu anabaki na macho tu: inafanana na zingine, basi ni ya kweli. Na je, kama hizo zingine pia ni za Lara? Hapo tunasoma historia ya watu wa Veracruz kutoka kwa mikono ya mtu wa juzi.

Kwa hivyo ukiingia makumbusho yoyote, usipige selfi na sanamu uondoke. Soma kibandiko chake. Imeandikwa ilichimbwa wapi, na nani? Kama kuna jina la aliyeitoa tu, uliza ilimfikiaje.