Kamongo Ajibu Maswali

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Leo msemaji ni Kamongo, samaki mrefu wa Ziwa Victoria. Huyu samaki ana mapafu! Hupanda juu akavuta hewa, kisha huyoo, amezama.

"Mimi nahema huku juu," asema Kamongo. "Jirani yangu, samaki Sato, hawezi. Hewa yake imo ndani ya maji, na siku hizi haimtoshi."

"Haimtoshi vipi, na ziwa ni kubwa hivyo?"

Umeuliza vizuri, mwanangu! Msikilize Kamongo.

"Ziwa ni kubwa, nchi tatu zinalichangia. Lakini ni kama mtungi wenye mdomo mpana na kitundu kimoja. Mvua inaingia. Mto Kagera, Mara, Simiyu, yote inaingia. Pa kutokea ni Jinja tu, Mto Nile unapoanza safari. Maji mengi hupaa kwa jua, yakawa mvuke. Uchafu haupai. Kuingia ni rahisi, kutoka ni kazi."

"Uchafu gani huo?"

"Mvua ikinyesha Mwanza, Mto Mirongo hupita katikati ya mji ukizoa chupa, kandambili na maji ya vyoo. Mashambani mvua huzoa mbolea. Mbolea hunenepesha mahindi, na majini hunenepesha mwani na magugu maji, yale yenye maua ya zambarau. Yakifa, yanaoza. Kuoza kunakula hewa ya Sato. Kuingia ni rahisi, kutoka ni kazi."

"Basi tuzuie yasiingie!"

Lo, mtoto huyu ana akili! Hata Kamongo anacheka.

"Mlinzi wa mlangoni yupo: mafunjo, yale matete marefu yaotayo ukingoni. Mizizi yake hukamata tope na kunyonya mbolea kabla haijafika kwangu. Msiyafyeke, msiyachome. Hata sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ziwa, ndani ya meta 60 kutoka ukingoni."

"Na sisi watoto?"

"Jisaidieni chooni, si ufukweni, kwani kinyesi kikiingia majini hueneza kichocho na kipindupindu. Chupa tupeni pipani, si mtaroni. Maji ya kunywa yachemsheni."

Basi wanangu, leo jioni waulizeni wakubwa: maji machafu ya nyumba yetu yanaishia wapi? Wasipojua, nendeni nao mkaufuate mtaro hadi mwisho.