Bustani Yetu Wakati wa Kipwa



Mwaka jana mu mwezi wa sita pompi iliharibika. Mimi kama kapita nikatuma wadogo mutoni na bido, kila asubui. Mutoto mumoja akaanguka pa mutelemuko, akavunjika mukono. Na zile lengalenga zikakauka tu. Tangu siku ile ninauliza wakulima namna wanafanya bila kuchota.

Huku kwetu Katanga ya kusini mvua inaanza mwezi wa 10 ao wa 11, inaisha mwezi wa 4. Kiisha ni jua na upepo mpaka mwezi wa 9. Lakini tusiseme mvua ni kidogo. Upande wa Lubumbashi inanyesha karibu milimeta 1200 kwa mwaka. Milimeta moja ni lita moja kwa kila meta kare. Basi tuta la meta 10 kwa 1 linapokea lita 12000, ni kusema bido 600 za lita 20. Mungu anazileta mpaka mulangoni, na sisi tunaziacha zipite.

Zinapita kwa sababu udongo wetu mwekundu ukikanyagwa unakuwa sawa tofali. Tulime chini sana sasa, ungali mulaini, tuchanganye mboleo na takataka za jikoni zilizooza. Ni hizo zinashika maji. Tena matuta yakatishe mutelemuko, yasishuke nao. (Lile la nyuma ya interna linashuka. Ni mimi nililipanga.)

Mvua za mwisho zikikaribia, tufunike udongo na majani makavu, unene wa santimeta 10, jua lisiuguse. Wengine watasema muchwa utayakula. Ni kweli, utakula, vichuguu viko kila pahali. Tutaongeza mengine, na tusiyagusishe na shina la mumea. Magugu nayo tuyang'oe bila huruma, sababu yanakunywa maji ya mboga.

Halafu tusipande kila kitu. Shu na lengalenga zinataka maji, zingoje pompi. Matembele tuyapande mwezi huu wa 2, mizizi ishuke mbele udongo haujakauka. Sombe inatoa majani hata kipwa, na kunde zinavumilia jua. Tomati tuizike mpaka karibu na majani ya juu, shina lenyewe litatoa mizizi mingine. Na tuachanishe mimea kuliko wakati wa mvua, kila mumoja upate pa kunywa.

Embe zikiisha kushika hazitusumbui, mizizi yao iko mbali chini. Lakini muti mudogo wa kupandwa mwezi wa 4 utakufa. Ungoje mvua za kwanza.

Jumamosi, saa ya salongo, wadogo wasilete bido. Kila mumoja alete muzigo wa majani makavu. Sisi wafinalisti tutalima, na tutaanza na lile tuta la nyuma ya interna.