Tulimpunja mtoto maji ili asiombe kujisaidia njiani

Mpwa wangu ana miaka minne na si mtoto wa kunyamaza. Kutoka Moshi hadi Voi alitutajia kila lori, kila mbuzi na kila mbuyu uliopita dirishani. Ndiyo maana alipokaa kimya ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Mashariki, wote tulishukuru. Tulidhani amelala.

Dada yangu ndiye aliyegeuka kumtazama. Macho yalikuwa wazi lakini yamelegea, na midomo imekauka. Alipomwita, mtoto aliitikia kwa kutikisa kichwa tu. Nikauliza, mara ya mwisho amekojoa lini? Tulipokumbuka vizuri, ilikuwa Holili, mpakani, asubuhi na mapema. Sasa ilikuwa saa saba mchana.

Tulikuwa watu sita kwenye kipanya cha shemeji, gari la zamani lisilo na kiyoyozi. Mpango ulikuwa mzuri: kuvuka mpaka, kuingia hifadhini kwa geti la Voi, kuwaona tembo wekundu, kutokea geti la Sala hadi Malindi, kisha kushuka Mombasa.

Kosa letu lilianza nyumbani. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kushuka kwenye gari ovyo, na vyoo viko mbalimbali. Kwa hiyo dada aliona busara kumpunguzia mtoto maji. "Akinywa sana atatusumbua," alisema. Mimi, mwandishi wa habari za afya, nilikubali kwa kichwa na kumpa pakiti ya kripsi.

Geuza gari

Tsavo Mashariki ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Ni nyika kavu yenye udongo mwekundu, ambao tembo hujirushia mpaka wanabadilika rangi. Ukishaliacha geti, husemi utasimama dukani kununua maji.

Shemeji alitaka tuendelee. "Tumeshalipa kiingilio, na Malindi kuna hospitali," alisema. Lakini tulikuwa hatujafika mbali, na mbele yetu kulikuwa na saa kadhaa za barabara ya vumbi. Voi ilikuwa karibu zaidi. Dada hakubishana. Alisema mara moja tu, "Baba, geuza gari." Shemeji akageuza.

Njiani tulimpa maji tuliyokuwa nayo, kidogo kidogo, tukamvua shati na kumpangusa kwa kitambaa chenye maji. Katika kituo cha afya, muuguzi alimpima, akakoroga ORS na kumkabidhi dada kijiko. "Mama, usimpe kikombe kizima atatapika. Kijiko kimoja, subiri kidogo, kingine."

Baada ya muda mtoto aliomba kukojoa. Sijawahi kuona familia ikishangilia mkojo namna ile.

Nimeandika kuhusu ORS mara nyingi. Siku hiyo mkobani mwangu kulikuwa na chaja mbili na miwani ya jua.

Kwa nini hatukuona mapema

Kwenye nyika kavu, upepo wa dirishani hukausha jasho kabla hujaliona. Mtoto anapoteza maji huku ngozi yake ikiwa kavu, nanyi mnasema "leo kuna upepo mzuri". Pwani ni tofauti. Hewa ina unyevu, jasho halikauki, shati linaganda mgongoni, na mwili unashindwa kujipoza. Sehemu zote mbili mtoto anahitaji maji, lakini ni pwani tu ambako jasho linakukumbusha.

Dalili za kuangalia ni hizi: mdomo mkavu, kulia bila machozi, macho kudidimia, mkojo mchache wenye rangi iliyokolea, na uchangamfu kupungua. Kwa mtoto mchanga, angalia pia utosi kama umebonyea. Mtoto asiyekojoa kwa saa sita au zaidi anahitaji kuangaliwa haraka.

Akiwa hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea sana, amechanganyikiwa au mwili unawaka kwa joto, mhamishie kivulini, mpoze kwa maji na mkimbizeni hospitali. Hiyo ni dharura.

Vya kubeba kabla ya kriki na spana

Beba pakiti za ORS. Pakiti ya kawaida huchanganywa na lita moja ya maji safi na salama, na mchanganyiko hutumika ndani ya saa 24. Usipunguze maji ili "iwe kali", kwani chumvi ikizidi ni hatari. Ukikosa pakiti, tumia lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji ya kunywa. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama naye anywe maji ya kutosha.

Kuhusu choo, beba kopo lenye kifuniko na karatasi laini. Tumieni vyoo vya getini kabla ya kuingia. Kusimama mara tano si usumbufu ukilinganisha na tulichopitia.

Msimwache mtoto ndani ya gari lililoegeshwa, hata kwa "dakika mbili za kulipa". Juani, joto ndani ya gari linaweza kupanda kwa nyuzi 10 ndani ya dakika 20 hivi, na kushusha kioo kidogo hakusaidii sana.

Tulivyomaliza safari

Tulilala Voi. Kesho yake hatukurudi hifadhini. Tulishika barabara kuu hadi Mombasa, kilomita zipatazo 160, tukisimama kila baada ya saa moja. Mtoto alikuwa na chupa yake mwenyewe, na kazi ya kumkumbusha kila mtu kunywa. Aliifanya kwa ukali.

Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, tuliingia alasiri jua lilipopungua makali. Nje tulinunua madafu. Wazazi wengi huniuliza kama dafu linatosha badala ya ORS. Ni kinywaji kizuri kwa mtoto mzima wa afya, lakini lina chumvi kidogo mno kwa mtoto aliyeishiwa maji, hasa anayeharisha. Soda na juisi za dukani ndizo kabisa zisitumike, maana sukari yake nyingi inaweza kuzidisha kuharisha.

Malindi tulifika siku ya nne, kwa barabara ya Kilifi. Usiku watoto walilala ndani ya chandarua, kwani pwani kuna malaria. Mkirudi nyumbani na mtoto akapata homa wiki chache baadaye, mpelekeni akapimwe na mwambieni daktari mlikosafiri.

Juzi nilimuuliza mpwa wangu anakumbuka nini kuhusu safari. Nilitegemea aseme bahari.

"Tembo wekundu," alijibu. "Na mamdogo, mlininyima maji."

Dada alikuwepo. Hakusema kitu. Alinyanyuka, akamjazia chupa yake.