Dada Wawili na Kitabu cha Ubatizo



Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walijulikana huku kwetu Kagera. Miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki bila baba wala mama, na jamaa wakagawana watoto. Watafiti waliozitembelea familia zaidi ya 900 za mkoa huu mwaka 1991 hadi 1994, waliporudi mwaka 2004 kuwatafuta watu wale wale, wengine waliwakuta Mwanza, na wengine Uganda.

Basi tuwafikirie dada wawili wa Izigo. Mkubwa alibaki kwa bibi. Mdogo alipandishwa meli kwenda Mwanza kwa mama mdogo. Ugomvi wao haukuanza kwa matusi, ulianza kwa kunyamaza. Mkubwa alisema moyoni, “Yeye alichaguliwa, akasomeshwa, mimi nikaachiwa jembe.” Mdogo naye, “Yeye aliachiwa nyumbani, mimi nilifukuzwa.” Nani aliumia zaidi? Mimi siwezi kupima. Wakubwa ndio waliogawa, watoto hawakuulizwa.

Wakawa wanawake. Mdogo akapata mchumba, na padre akamtaka cheti kipya cha ubatizo. Ndivyo ilivyo: kipaimara na ndoa ya Mkristu huandikwa pembeni mwa jina lake katika kitabu cha ubatizo, nacho kitabu hukaa parokia aliyobatizwa, hata yeye akiishi wapi. Nani wa kumwendea ofisini huko kwao? Hana mwingine. “Shikamoo, dada.”

Mkubwa huenda akawaza, “Amefuata kibanja.” Heri aulize waziwazi siku hiyo hiyo, kuliko kukaa na neno hilo kifuani mpaka arusi. Kisha aende parokiani. Katika kitabu ataliona jina la mdogo wake, na majina ya baba na mama yaliyoandikwa pia kwenye ubatizo wake mwenyewe. Mtu akiyaona hayo kwa macho, ni vigumu kumwita nduguye mgeni.

Cheti kingeweza kutumwa. Lakini tuseme mdogo anakuja kukichukua mwenyewe, mwanzo wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Anasimama mgombani, mbele ya makaburi manne, naye hajui la mama ni lipi. Aliondoka mdogo mno. Mkubwa anamwonyesha, na kwa kuwa majani yameota, wanainama kupalilia kabla ya kusali.