Mafia: Soko Linaloendeshwa na Majira

Anayepanga kwenda Mafia huanza kwa kuuliza bei ya chumba. Angeanza na mwezi wa safari, kwani katika kisiwa hiki cha Mkoa wa Pwani majira ndiyo yanayoamua mgeni ataona nini, atalala upande gani na fedha yake itaishia mkononi mwa nani.

Bidhaa kubwa ya Mafia ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi huja kula karibu na ufuko wa mji wa Kilindoni, kwenye maji yale yale ambamo wavuvi hutega dagaa, na wageni hupelekwa kwa boti kuogelea kando yao. Miezi mingine wengi wao hawahami mbali. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia waligundua kuwa hujisogeza kwenye kina kirefu zaidi, wasikoonekana kwa urahisi. Kwa mfanyabiashara, mali ipo lakini haiuziki.

Kilindoni, hata hivyo, iko nje ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, hifadhi ya kwanza ya aina hiyo nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 822. Geti lake liko njiani kuelekea Utende, kilomita 15 hivi kutoka Kilindoni, kwenye hoteli nyingi za wapiga mbizi. Anayelala Utende hulipa ada ya hifadhi kwa kila siku, azame asizame, na mgeni wa nje hutozwa zaidi ya Mtanzania. Aliyefuata potwe pekee anaweza kulala nyumba ya wageni Kilindoni na kuiepuka gharama hiyo. Anayetaka matumbawe ya Ghuba ya Chole, popo wakubwa wa kisiwa cha Chole au magofu ya Kua kule kisiwa cha Juani, Utende ndiko kwake.

Kusi likivuma, wapiga mbizi hubaki ndani ya ghuba. Miamba ya nje husubiri kaskazi na bahari tulivu. Kusi nalo lina soko lake: nyangumi hupita, na kati ya Juni na Septemba vifaranga vya kasa huanguliwa kwa wingi Juani. Hata saa ya kuondoka haipangwi na mgeni. Maji yakitoka, boti za Utende hukaa mchangani, na nahodha husubiri yajae.

Usafiri nao una hesabu yake. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hufika kwa muda usiozidi saa moja, ila mizigo hupimwa kwa ukali. Njia ya bei nafuu ni basi hadi Nyamisati, Kibiti, kisha chombo cha majini. Anayeifuata aache siku ya ziada, maana bahari huweza kuchafuka.

Masika ya Aprili na Mei hufunga hoteli kadhaa, na mishahara ya msimu hukatika. Pengo hilo haliondoki kwa kuongeza vyumba. Mwenye hoteli anayeuza potwe peke yake ana duka la nusu mwaka. Anayeuza pia kasa, nyangumi na magofu hupunguza miezi ya kukaa bure, na wafanyakazi wake hupata sababu ya kubaki.