Chagua bahari kwanza, kisiwa baadaye

Maharusi wanaotaka kupumzika siku nne au tano kwenye kisiwa cha Thailand huanza karibu wote kwenye picha. Wameona jabali refu limesimama katikati ya maji ya kijani, na mashua yenye vitambaa vya rangi vimefungwa kwenye omo. Chini yake pameandikwa jina la kisiwa. Wanalipia hoteli, halafu ndipo wanauliza hali ya hewa. Ningependa waanze kinyume, maana Thailand ina bahari mbili, na mara nyingi moja ikitulia nyingine huwa imechafuka.

Kusini mwa nchi hiyo ni ukanda mwembamba wa ardhi unaoshuka hadi Malaysia, na milima imepita katikati yake kama uti wa mgongo. Magharibi kuna Bahari ya Andaman, ambayo ni sehemu ya Bahari Hindi hii hii yetu. Huko ndiko kuliko Phuket, Krabi, visiwa vya Phi Phi, Koh Lanta na Koh Yao Noi. Mashariki kuna Ghuba ya Thailand, yenye Koh Samui, Koh Phangan na Koh Tao. Kutoka Phuket hadi Samui ni kiasi cha kilomita 250 kwa mstari ulionyooka, lakini wiki moja ya Novemba inaweza kuwa jua kali upande mmoja na mafuriko upande wa pili.

Sababu yake mtu wa pwani anaijua nusu tayari. Upepo wa kusi unaowafungia wavuvi wa Lamu na Tanga katikati ya mwaka hauishii kwetu. Ukivuka ikweta hupinda kuelekea mashariki kwa sababu ya mzunguko wa dunia, ukapita Bahari ya Arabu na Bara Hindi, na sehemu yake ikafika Andaman imebeba mvuke wa safari yote hiyo. Ukigonga milima hupanda, hupoa, na mvua inamwagika upande wa magharibi. Hali hiyo hudumu Mei hadi Oktoba, na Septemba huwa ndicho kilele huko Phuket. Samui, iliyojificha nyuma ya milima, hupata manyunyu tu.

Kaskazi hufanya hivyo hivyo kwa kugeuza. Hewa kavu inatoka bara la Asia, inapita juu ya Ghuba, inaokota unyevu na kuushusha kwenye visiwa vya mashariki. Ndiyo maana Oktoba hadi Desemba ndiyo masika ya Samui, na Novemba hushinda miezi yote kwa mvua. Kipindi hicho Andaman ndiyo huwa imekingwa na milima: maji yanalainika, na upeo unaonekana mbali.

Kwa hiyo anayefunga ndoa Desemba, kama wengi wetu, aelekee magharibi, akijua kwamba bei za wiki ya Krismasi hupanda pasipo aibu. Aliyepata likizo Julai au Agosti aende Ghuba. Februari na Machi pande zote mbili huwa nzuri. Oktoba ningeiacha kabisa: Andaman haijamaliza mvua zake na Ghuba imeshaanza za kwake.

Watu huiogopa mvua kupita kiasi. Mvua ya kule mara nyingi hushuka kwa kishindo saa moja au mbili, kisha jua likarudi, na wawili waliokaa barazani na kikombe cha chai hawajapoteza kitu. Kinachovunja safari ni mawimbi. Wakati wa kusi hakuna kisiwa cha maana kinachokinga fukwe za magharibi ya Phuket, kama Kata na Karon, kwa hiyo mawimbi huja yakijijenga kutoka mbali na kuvunjikia mchangani kwenyewe. Hapa waogeleaji wa kwetu wana hatari yao ya pekee. Aliyejifunza kuogelea Diani au Paje amelindwa maisha yake yote na mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufuo. Mawimbi makubwa huishia kule, na kwake hufika maji yaliyochoka. Hajawahi kukutana na mkondo unaovuta kwenda nje. Maji yaliyosukumwa ufuoni na mawimbi lazima yarudi baharini, na hutafuta njia moja nyembamba ya kurudia. Njia hiyo kwa macho huonekana shwari kuliko pembeni, na ndiyo maana watu huichagua. Ikikubeba usishindane nayo kurudi moja kwa moja: ogelea sambamba na ufuo mpaka uitoke, kisha urudi. Na bendera nyekundu ikipandishwa, kaeni mchangani.

Jambo la pili ambalo picha haisemi ni kupwa. Upande wa Andaman maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama kwetu, na wakati wa bamvua tofauti hupita mita 2. Ghuba haina mabadiliko makubwa kiasi hicho. Chukueni Railay, rasi ya Krabi iliyozungukwa na majabali ya chokaa hadi haifikiki kwa gari. Ufuo wake wa magharibi ni mchanga mweupe. Wa mashariki, dakika chache kwa miguu, una mikoko, na maji yakipwa hubaki uwanda wa tope. Hoteli ya upande wa tope ni rahisi zaidi, na picha yake ilipigwa maji yamejaa. Mkiwa na siku nne tu, tazameni mwezi kabla ya kulipa: siku za maji mafu hazitawaletea kupwa kwa mbali namna hiyo. Mwezi mpevu una neno jingine huko Ghuba, kwani ufuo wa Haad Rin, Koh Phangan, hujaa vijana wa sherehe yao ya kila mwezi. Waliokwenda kutafuta utulivu wangojee tarehe nyingine.

Kisiwa kimoja kinatosha. Kila kuhama hula nusu ya siku: gari hadi gatini, kungoja, boti, kungoja tena, na chumba kipya ambacho hakijawa tayari. Kama mngenishika mkono nichague cha Desemba, ningesema Koh Yao Noi, katikati ya Phuket na Krabi. Wakazi wake wengi ni Waislamu, wavuvi na wakulima wa mpira, na chakula halali hakitafutwi. Mavazi ya kuogelea huishia ufuoni. Bahari yake ni ya kina kifupi na si ya kujivunia, lakini mtaona majabali ya ghuba ya Phang Nga alfajiri bila kusukumana na mtu.

Watakaoshindwa kuacha Maya Bay, ile hori ndogo ya Phi Phi iliyopata umaarufu kwa filamu ya Leonardo DiCaprio ya mwaka 2000, wajue imebadilika. Nanga na miguu ya maelfu ya wageni kila siku viliponda matumbawe, serikali ikaifunga Juni 2018 na kuifungua tena Januari 2022. Sasa boti hutia nanga nyuma ya kisiwa, mtu anatembea hadi ufuoni, na kuogelea kumekatazwa. Papa wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi wamerudi, na wanaonekana ukiwa umesimama kwenye maji yasiyofika magotini. Agosti na Septemba hufungwa tena ipumzike. Visiwa vya Similan navyo hufungwa tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba, kwa hiyo wakala anayewauzia safari ya Similan mwezi Julai anawauzia hewa.

Mafuta ya kujikinga na jua nayo yana sheria. Tangu 2021 mbuga za bahari za Thailand zimepiga marufuku yenye oksibenzoni, oktinoksati na kemikali nyingine mbili zinazodhuru matumbawe, na faini hufika baht 100,000. Someni nyuma ya chupa mkiwa bado nyumbani. Baadhi ya fukwe zina nguzo zenye chupa za siki: ni za kummwagia aliyeumwa na yavuyavu sanduku, kwa sababu siki huzuia seli za sumu ambazo bado hazijafyatuka. Mwili usisuguliwe kwa mchanga. Na omo ya mashua msiikanyage. Vile vitambaa ni heshima kwa Mae Ya Nang, mlinzi wa vyombo, na nahodha anajali hata kama hatawaambia.

Atokaye Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imetimiza siku 10. Saa za kule ziko nne mbele ya zetu, hivyo usiku wa kwanza macho yatagoma. Usiku wa mwisho msilale kisiwani kama ndege ya kurudi ni ya asubuhi: boti huahirishwa kwa upepo, na shirika la ndege halitahesabu wimbi kuwa udhuru. Laleni karibu na uwanja. Mkipitia Doha kutoka Phuket, hata Bangkok hamtahitaji kuigusa.